Mwembe mkongwe juu ya bati: jinsi ya kuukagua na kupunguza matawi yake

Kazi yangu ni kukata miti hapa Tanga, na mwongozo huu nauanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, bibi mmoja wa Chumbageni aliniita nimpunguzie mwembe uliofunika jiko lake. Nikapanda na shoka, nikakata vichwa vyote, nikaacha magogo yamesimama kama nguzo za banda ambalo halijaezekwa. Majirani wakanisifu kwamba sasa nyumba imepata mwanga. Miaka minane baadaye, mchana mmoja wa Januari, upepo hakuna hata wa kutikisa kanga kwenye kamba, tawi likashuka likapasua bati la jiko na kulilaza karai chini. Bibi alikuwa ametoka kuchota maji, Mungu bariki. Nilipofika niliangalia lilipochomokea: ni pale pale nilipokata mimi.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "si wewe uliyeukata huu?"

Ni mimi. Mti ukikatwa kichwa huchipua kwa fujo, na machipukizi yale hukua haraka mno. Lakini hayakuzaliwa ndani ya kiini cha tawi. Yamejibandika pembezoni mwa kisiki, na kisiki chenyewe kinaoza kwa ndani. Kila mwaka chipukizi linaongeza uzito na kishikio chake kinazidi kuwa dhaifu. Ndiyo maana matawi mengi ninayoitwa kuyaondoa juu ya mapaa yalianza na msumeno wa fundi kama mimi.

Haya hapa ndiyo ninayofanya sasa. Nazungumzia mwembe kwa sababu ndio mti wa uani kwetu, ila mkungu, mjohoro na mkrismasi vinafuata mkondo huo huo. Mkaratusi mrefu usiuguse mwenyewe. Una tabia ya kuangusha matawi mazima bila hata dalili.

Hatua ya 1: Zunguka mti mikono mitupu

Anzia mbali, hatua ishirini au thelathini, utazame umbo lote. Je, kuna upande wenye majani machache kuliko mwingine? Kuna matawi makavu yasiyo na magome? Mti ulioinama tangu utotoni huwa hauna shida, kwa sababu umeshajijengea mbao za kujishikiza. Wa kuogopa ni ule ulioanza kuinama mwaka huu. Huo utauona ardhini: udongo wa upande wa nyuma umeinuka au umepasuka.

Sasa sogea hadi kwenye shina. Fagia majani utazame pale linapokutana na ardhi. Ukiona uyoga mgumu kama kibao umejishika kwenye shina au mizizi, jua kuoza kumeanza zamani, maana uyoga hujitokeza nje baada ya kula sana ndani. Njia za mchwa siyo hukumu peke yake, kwani mchwa wengi hula kilichokwisha kufa. Tazama pia gome lililoungua. Nyumba nyingi huchoma taka chini ya mwembe kila jioni, kisha watu wanashangaa kwa nini upande ule umeoza.

Kisha gonga. Tumia nyundo ya mbao au mgongo wa panga, zunguka shina lote kuanzia magotini hadi kifuani. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi, kavu. Ulio na pango hujibu kama ngoma. Pango si lazima liwe kifo. Nguvu ya shina iko zaidi kwenye ganda la nje, kama bomba. Mafundi wengi wa dunia hutumia kipimo cha theluthi: mbao nzima inayozunguka pango isipungue takriban theluthi ya umbali wa kutoka gome hadi katikati. Shina la upana wa sentimita 90 lina 45 hadi katikati, hivyo unataka angalau sentimita 15 za mbao nzima. Kama sauti inakutia shaka, toboa kwa keekee nyembamba sehemu moja tu na utazame unga unaotoka. Ukianza mweupe mgumu kisha ghafla ukawa wa kahawia na laini, hapo ndipo mbao nzima inapoishia. Pango likiwa na mdomo wazi ubavuni, kipimo hicho hakitoshi. Ita mtu mwenye uzoefu.

Hatua ya 2: Soma panda, yaani pale mti au tawi linapogawanyika mawili

Hapa ndipo watu wengi hawatazami, na ndipo matawi mengi mabichi yanapochanika. Panda iliyo wazi kama herufi U huwa imara: utaona mkunjo wa gome umetokeza juu, kama mshono uliovimba. Panda iliyobana kama V ni jambo jingine. Magome ya pande mbili yamekunjwa kwa ndani yakabanana, na baina yake hakuna mbao iliyoungana. Ni kama mbao mbili zilizosimamishwa bega kwa bega bila msumari. Ukiona ufa unaoshuka kutoka kwenye panda hiyo, au utomvu mweusi unaochuruzika, usilale chini ya tawi hilo usiku huo.

Tawi bichi lililonenepa kwa majani linaweza kuwa na hatari kuliko kavu. Kavu ni jepesi na huanguka vipande vipande. Bichi hushuka zima, hasa Desemba likiwa limebeba embe, au baada ya mvua ya masika majani yote yakiwa yamelowa.

Hatua ya 3: Uliza likianguka litaangukia nini

Tawi la unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina uzito wa karibu kilo 250, bila majani. Lingoje liangukie bati uone. Lakini kama chini yake kuna bustani tupu tu, kwa nini ulikate? Mara nyingi ushauri wangu wa kwanza ni kuhamisha benchi la wazee au mahali pa kuegesha bajaji. Mteja hukasirika kidogo maana alitaka aone msumeno ukifanya kazi.

Hatua ya 4: Waya na ruhusa

Kama tawi likianguka, au likiyumba tu, linaweza kugusa waya wa umeme, weka msumeno chini na uwaite TANESCO. Usijadiliane na jirani anayesema "tutazima kwenye mita." Kuzima kwenye mita hakuzimi waya wa nguzoni. Kwa mti wa barabarani, au mti unaotaka kuuangusha wote, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Watakuelekeza kama kuna kibali cha halmashauri kinachohitajika.

Hatua ya 5: Kata mara tatu, usikate mara moja

Msimu mzuri kwa mwembe wa pwani ni embe zikiisha, kabla masika hayajashika: Februari hadi mapema Machi. Tawi lililokufa ondoa wakati wowote. Jifunike mikono na shingo, kwa sababu utomvu wa mwembe, kama wa ndugu yake mkorosho, unaunguza ngozi. Kabla ya kupanda tazama majani yaliyoshonwa pamoja. Ni nyumba za majimoto, na wakikuvamia juu ya ngazi utaachia kila kitu. Chenso haiendi kwenye ngazi. Huko juu ni msumeno wa mkono, na mtu wa pili chini anayewafukuza watoto.

Tafuta kwanza shingo ya tawi, ule uvimbe wenye mikunjo pale linapotoka kwenye shina. Shingo hiyo si sehemu ya tawi, ni ya shina, na ndiyo itakayofunga kidonda. Sasa pima shibiri mbili kutoka shingoni kuelekea nje. Hapo kata kwa chini kwenda juu, robo hadi theluthi ya unene, ukiacha pale msumeno unapoanza kubanwa. Sogea nje tena upana wa vidole vinne, ukate kwa juu kwenda chini. Tawi litakatika na kuanguka bila kuchana gome la shina, kwa sababu mkato wa chini unazuia mchaniko usiendelee. Ukibaki na kisiki chepesi, kitoe kwa mkato wa tatu, nje kidogo tu ya shingo. Usisawazishe na shina, na usiache kisiki cha kutundikia ndoo.

Juu ya bati tawi halianguki, linashushwa kwa kamba. Izungushe kamba kwenye shina mara mbili au tatu, msuguano uubebe mzigo. Mtu anayeishika kwa mikono tu ataburutwa.

Usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Mti unaojiona na njaa ndio unaochipua kwa fujo.

Hatua ya 6: Baada ya kukata, acha

Usipake rangi, oili chafu wala lami. Mmarekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kuona ndani kunatokea nini, na akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi; hujenga ukuta kuzunguka kidonda na kuendelea kukua kwa nje. Rangi haisaidii ukuta huo. Wala usijaze pango zege, maana mti ukiyumba zege halipindi.

Na lipa fundi kwa pesa, si kwa kuni. Nimefanya kazi hii miaka mingi na naijua tamaa yetu: anayelipwa kuni ataona kila tawi limekufa.

Mwembe wa Chumbageni bado upo. Kwenye kila kisiki nilichagua machipukizi mawili matatu yaliyoshika vizuri, nikayafupisha, mengine nikayaondoa kidogo kidogo kwa misimu mitatu. Jiko lilihamishiwa upande wa pili wa ua. Bibi hukaa barazani akinihesabia matawi, na nikitaka kuongeza moja ananiuliza kwanza nimkumbushe ya mwaka ule. Februari nina zamu tena pale, embe zikiisha.