SOMO: Mwenza wako anakuja Dar kwa mara ya kwanza? Mtembeze hivi

Habari za jioni wakuu. Mwaka jana nilihamishiwa Dar es Salaam kikazi, mke wangu akabaki Njombe kwa sababu ni muuguzi na uhamisho wake haujatoka. Ameshakuja mara mbili. Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe, ya pili ikaenda vizuri sana, na tofauti ya safari hizo mbili ndiyo somo lenyewe. Nalileta kwa yeyote mwenye mke, mume au mchumba mkoani anayejiandaa kuja, hasa kama na wewe mji bado unaujifunza.

Safari ya kwanza alishuka Mbezi jioni, baada ya kutwa nzima kwenye basi. Mimi nikampeleka Coco Beach na begi lake mkononi, nikitaka aione bahari usiku uleule. Kesho yake nikampangia Kariakoo, Posta, Mwenge na Mlimani City, vyote siku moja. Saa nane mchana, jua la Februari, tuko Kariakoo, akakaa kwenye ngazi za duka la vitenge, akafunika uso kwa mtandio. Akaniambia, "Baba, mimi nimekuja kukuona wewe. Magari hata Makambako yapo."

Sijaisahau kauli ile. Hatua zote zilizo hapa chini nimezipanga kutokana nayo.

HATUA YA 1: Kabla hajapanda basi

Kama mnaweza kuchagua muda, chagueni Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Mtu wa Njombe, Iringa au Mbeya ukimleta Januari au Februari unamtesa, maana usiku wenyewe hauna nafuu. Machi hadi Mei kuna masika. Mwambie abebe nguo nyepesi, khanga mbili na ndala, sweta liishie kwenye basi. Kwako hakikisha feni inafanya kazi na chandarua hakijatoboka. Omba ruhusa kazini mapema, hata ya siku mbili. Kumwita mtu kutoka mbali halafu ashinde ndani akikusubiri utoke ofisini si uungwana.

HATUA YA 2: Mapokezi

Mabasi mengi ya mikoani siku hizi yanaishia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, iliyofunguliwa mwaka 2021. Wazee wengi bado wanasema "nitashukia Ubungo", kwa hiyo mweleweshe kabla. Fika wewe kwanza. Mgeni mwenye begi anazungukwa na madereva wa bodaboda, bajaji na teksi kabla mguu haujagusa chini, na akionekana kushangaa, bei inapanda hapohapo. Anayetoka Dodoma au Morogoro anaweza kuja na treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Stesheni yake iko mjini, sasa muulizane mapema nani anamfuata nani.

Ukimpokea, nyumbani moja kwa moja. Maji ya kuoga, chakula, kulala. Siku hiyo imeisha.

HATUA YA 3: Mwonyeshe kwanza njia yako wewe

Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunakimbilia bahari na maghorofa, na mwenzako anarudi mkoani akiwa hajui wewe unaishije.

Safari ya pili nilianza mtaani kwetu Kimara. Nikampeleka kwa mangi ninayenunua umeme na mkate, nikamtambulisha. Tukaenda kwa mama ntilie ninayekula jioni nikichoka kupika. Mke wangu akakaa kwenye benchi, akamuuliza maswali kama yuko wodini: huwa anakula nini, anamaliza, mboga za majani anazigusa? Mama akajibu yote bila kunificha. Kisha tukapanda mwendokasi kwenda Kivukoni, njia ninayopita kila siku ya kazi. Mabasi haya yalianza mwaka 2016, na kwa mgeni ni darasa tosha la kuujua mji: unapita Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, mpaka Posta. Nikamwonyesha mlango ninaogombania asubuhi, nguzo ninayoshika, na kituo ninachoshukia. Tukapita mbele ya ofisi yangu, hatukuingia.

Tangu hapo nikimpigia jioni nikasema "niko Manzese, foleni", anajua niko wapi. Zamani yalikuwa majina matupu. Kwa wanaoishi mbalimbali, hilo lina uzito kuliko picha mia za ufukweni.

Angalizo: msipande saa kumi na mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Subirini saa nne, watu wamepungua, mtakaa.

HATUA YA 4: Posta kwa miguu, kisha pantoni

Kutoka Posta mnaweza kutembea bila kupanda chochote. Anzeni na Sanamu ya Askari pale Samora, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Teremkeni baharini mkayaone Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yote ya enzi za Wajerumani. Mkichoka na jua, ingieni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Bebeni vitambulisho, Mtanzania analipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje.

Mwisho, Feri. Chungulieni soko la samaki, kisha vukeni kwenda Kigamboni na pantoni. Mtembea kwa miguu nauli ni shilingi 200 tu, na wanatumia N-Card, kwa hiyo weka hela kwenye kadi mapema. Jambo moja mwandae mwenzako: geti likifunguliwa, umati wote unaondoka kwa pamoja, wengine mbio, baiskeli na mizigo vimo humohumo. Mimi sikumwambia. Alidhani kuna hatari, akanishika shati kwa nguvu mpaka kifungo kikang'oka. Tulipofika juu tukapata nafasi pembeni kwenye chuma, upepo ukaanza kupiga, akafungua kiganja: kifungo kimo. Hakusema kitu, alikuwa anaitazama meli kubwa ya mizigo inayoingia bandarini. Usiku alikishona chini ya feni huku akinisimulia ile meli.

Ng'ambo kunyweni madafu, kaeni saa moja, rudini. Simu ikae mfuko wa mbele. Na msipige picha upande wa Ikulu wala bandarini, itawaletea maswali yasiyo na sababu.

HATUA YA 5: Kariakoo, asubuhi, kwa muda wa saa mbili tu

Nendeni saa tatu, saa tano mwe mmetoka. Muulize kabla anataka kununua nini, maana Kariakoo ya kuzunguka tu inachosha. Nguo, Mtaa wa Kongo. Kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, kabla hamjaingia kwenye msongamano. Wauzaji watamwita shemeji, watamshika mkono, awajibu kwa upole na kuendelea kutembea. Bei ya kwanza si bei.

Mwambie na asili ya jina, ni historia nzito: Waingereza waliweka hapo kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, na midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Wale wapagazi ndio haohao wa Sanamu ya Askari mliyoiona jana yake.

HATUA YA 6: Bahari

Sasa ndiyo Coco Beach, jioni, mihogo ya kukaanga na mishikaki, bila begi. Mwenye uwezo zaidi apande boti Kunduchi kwenda kisiwa cha Mbudya, ashinde huko. Siku inayofuata msiende popote. Apike, mlale mchana, mpange mambo yenu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi niko Mbagala, geto tunakaa wawili. Mchumba anakuja wiki ijayo, nifanyeje?

Jibu: Mwambie ukweli leo, kabla hajakata tiketi. Kama rafiki yako anaweza kulala kwa ndugu siku hizo, mwombe kiungwana na umwachie hata hela ya nauli. Haiwezekani, tafuta gesti safi karibu na kwako, nenda kaione kwa macho mchana, ulizia maji na usalama. Asije akagundua mlangoni.

Swali: Kaka, bajeti yangu ndogo sana. Nitaonekana bahili?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Hatua ya 3 na ya 4 karibu zote ni nauli na chakula cha mama ntilie. Mtajie kiasi ulichonacho, mpange pamoja. Mke wangu ndiye aliyefuta Mlimani City kwenye ratiba, akasema hela hiyo tununue ndoo na sufuria la nyumbani.

Swali: Mimi ni binti, mchumba wangu anatoka Bukoba na mjomba wangu anakaa Tabata. Nimpeleke au nikae kimya?

Jibu: Dada, mjomba asisikie kwa watu. Kama taratibu za kwenu bado hazijafika kumtambulisha rasmi, ongea kwanza na shangazi au mama mkubwa, akushauri namna. Na siku moja mpeleke Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Kuna nyumba za jadi za makabila, na msonge wa Wahaya utamfungua mdomo mwenyewe, yeye ndiye atakuwa anakutembeza.

Swali: Anakuja Aprili, ruhusa yake haibadiliki. Mvua je?

Jibu: Aje. Ila mvua kubwa ikinyesha usiku, Mto Msimbazi ukijaa, Jangwani hapapitiki na mwendokasi inakatishwa njiani. Siku kama hiyo msilazimishe mjini. Kama basi lake la kurudi ni alfajiri, uliza hali ya barabara usiku uleule, na mtoke mapema sana.

Swali: Mbudya asiyejua kuogelea anaenda?

Jibu: Anaenda. Boti isiyo na maboya ya kuvaa msipande, hata nahodha aseme bahari imetulia. Mrudi mapema, jioni upepo unaongezeka.

Swali: Mkuu, shemeji anarudi lini tena?

Jibu: Agosti, Mungu akipenda. Ameshaniagiza nimwambie mama ntilie amwekee mchicha.