Mambo ya kuzingatia kabla hujamrudisha Tabora mgonjwa aliyetibiwa saratani ya kinywa

Anza na tiketi. Mionzi ya mwisho ikishapigwa, ndugu wengi hukata tiketi siku ileile, maana wiki sita au saba za kulala kwa watu Dar es Salaam au Mwanza zimewachosha wote. Usikate kabla hujamuuliza daktari. Vidonda vya mdomoni huanza wiki ya pili au ya tatu ya mionzi, na mashine ikizimwa havizimiki nayo. Mara nyingi huzidi kwa wiki moja hadi mbili baada ya kumaliza, ndipo vinaanza kupungua, na kupona kwenyewe ni wiki kadhaa zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wako anaweza kufikia kilele cha maumivu akiwa ndani ya basi, Manyoni ameshaipita na Tabora bado mbali, hana nesi wala pa kusukutulia. Akiweza kukaa siku chache zaidi karibu na hospitali, akae. Asipoweza, safiri naye umejiandaa kwa siku mbaya kuliko alizokwisha kuziona.

Usitoke wodini bila karatasi. Namaanisha muhtasari wa matibabu wenye sehemu iliyopigwa mionzi, dozi yake, tarehe za kuanza na kumaliza, dawa za kemo (zile za kuua seli za saratani) alizopewa kama zilikuwepo, na tarehe ya kurudi kliniki. Ipige picha kwa simu, watumie watu wawili wa familia. Nitairudia hii karatasi huko mbele, na nitakuwa mkali zaidi.

Dawa za maumivu zichukue za kutosha kufika hadi miadi inayofuata. Akipewa morfini ya maji, mpe kwa saa zilizoandikwa, hata kama anasema kwa sasa hasikii maumivu sana. Dozi ya kabla ya chakula ndiyo inayomfanya aweze kumeza. Mama mmoja nyumbani kwetu aliifungia chupa kabatini akihofia mzee atageuka teja. Mzee akashinda na njaa. Morfini inayotolewa kwa mpango wa daktari ni nadra sana kumfanya mtu teja. Inachofanya kwa hakika ni kufunga choo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, msisubiri hadi tumbo ligeuke jiwe. Na asiache ghafla kwa sababu tu amepata nafuu. Apunguze kwa maelekezo.

Kusukutua: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kimoja cha bekingi soda. Si bekingi pauda, si hamira, si magadi. Asukutue kila baada ya kula na mara nyingine kadhaa kwa siku, ateme, asimeze. Zile dawa za kusukutulia za dukani zenye alkoholi aziache, zinaunguza na kukausha. Mswaki uwe laini kabisa. Utando mweupe ukitokea mdomoni na kumeza kukawa kugumu kuliko jana, huenda ni fangasi. Ina dawa yake, mpeleke akaonwe.

Ngozi ya shingo ioshwe kwa maji na sabuni isiyo kali, isisuguliwe, isikae juani, na kola ngumu ya shati ipumzike. Akitoka nje ajitande khanga laini.

Chakula sasa. Hapa Tabora tuna bahati kuliko tunavyojua. Mlenda unateleza wenyewe, punguza tu magadi. Uji wa ulezi au wa mchele uwekwe karanga zilizosagwa laini, maziwa yaliyochemshwa na yai lililoiva likapondwapondwa. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ikichemshwa ikaiva sana na kuvurugwa na karanga inapita. Matobolwa makavu, yale ya viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, yasubiri, hayo ni ya wenye mate. Embe bichi, limau, ukwaju, pilipili na chai ya moto sana viondoke kwanza. Mpime uzito kila wiki kwenye mizani ileile, zahanati yoyote ina mizani, na ukiona unashuka mfululizo usiseme ndiyo ugonjwa. Huenda akahitaji mpira wa kulishia kwa muda, na hiyo si hukumu ya kifo kama majirani watakavyokunong'oneza. Hata akiwa na mpira, kama daktari amemruhusu kumeza, ameze maji kidogokidogo kila siku. Misuli ya koo ikikaa bila kazi inasahau kazi. Lakini akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji, simamisha na mpeleke. Chakula kinaweza kuwa kinaingia njia ya hewa.

Ladha itapotea. Atasema nyama ina ladha ya chuma na uji una ladha ya karatasi. Mpishi asinune. Ladha hurudi taratibu kwa miezi, si lazima yote.

Taya je? Muulize daktari mazoezi yaanze lini, kisha yasiachwe. Mionzi na makovu ya upasuaji hukaza misuli ya kutafunia, na ukazaji huu unaweza kuja polepole miezi mingi baada ya matibabu, wakati kila mtu ameshasema mzee amepona. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyake mwenyewe vitatu, vimepangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Vilikuwa vinaingia vitatu, sasa vinaingia viwili? Usingoje kifikie kimoja. Na aliyepasuliwa shingo asilipumzishe bega hadi ligande. Aombe mazoezi ya bega pia.

Sasa meno, na hapa naomba uache ulichokuwa unafanya.

Baba mdogo wangu alitibiwa saratani ya ulimi, akapasuliwa na kupigwa mionzi, akarudi nyumbani Isevya, hapa Tabora mjini, akiwa mwembamba lakini anaongea. Vidonda vilipona. Mate hayakurudi. Tezi za mate zikipigwa mionzi ya kutosha hupunguza kazi, wengine kwa miezi, wengine moja kwa moja, na Tabora ya Septemba na Oktoba, vumbi tupu na jua la utosini, si mahali pa kukaa na kinywa kikavu. Akawa na pipi za mnanaa mfukoni siku nzima. Wageni nao, kwa mapenzi yao, wakaleta asali, maana huku mgonjwa haendewi mikono mitupu. Anaramba kijiko asubuhi, anaramba kijiko usiku. Hakuna aliyetuambia kwamba mate ndiyo yanayoosha meno na kuyalinda na asidi, na kwamba mtu asiye na mate akikaa na sukari mdomoni meno yake huoza haraka ajabu, tena kuanzia pale jino linapokutana na fizi.

Mwaka haukuisha, jino la chini likaanza kumuuma. Ilikuwa msimu wa kulima, nyumba haina mtu, akaenda mwenyewe kliniki moja ya meno. Aliulizwa presha, akaulizwa kisukari. Mionzi hakuulizwa, naye hakusema, kwa sababu kwake saratani ilikuwa ya ulimi na hili lilikuwa jino. Karatasi ya hospitali ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Ganzi, koleo, pamba, nyumbani.

Shimo halikufunga. Wiki zikapita, chakula kinaingia, harufu ikaanza, tukanunua dawa duka la dawa, zikaisha, tukanunua nyingine. Halafu akasema ulimi wake unagusa kitu kigumu chenye makali, akadhani ni kipande cha jino kilichosahaulika. Kilikuwa ni mfupa wa taya lenyewe, uko wazi. Baadaye kikatokea kitundu kidogo nje chini ya kidevu, kinatoa usaha.

Tuliporudishwa kwa rufaa ndipo tukaelezwa jambo ambalo kila familia ingeelezwa siku ya kwanza. Mionzi huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa. Taya linaendelea kuishi kwa damu kidogo, na ukiliacha bila kuligusa linaweza kukaa hivyo miaka. Ukilijeruhi kwa kung'oa jino, linaweza kukosa nguvu ya kupona. Likikosa, kidonda kinabaki wazi, mfupa unaanza kufa. Taya la chini huathirika zaidi kuliko la juu. Na hatari hii haina tarehe ya kuisha: mtu aliyepigwa mionzi miaka kumi iliyopita bado anayo. Baba mdogo alisafishwa, akanywa dawa muda mrefu, wakamwondolea vipande vya mfupa uliokufa. Wapo wanaokatwa kipande kizima cha taya. Yote haya kwa jino moja ambalo pengine lingezibwa, au kutibiwa mzizi likabaki mahali pake.

Kwa hiyo. Kama mgonjwa wako hajaanza mionzi, daktari wa meno amwone kwanza, na jino bovu linalopaswa kung'olewa ling'olewe mapema, lipewe wiki mbili hadi tatu za kupona kabla mashine haijawashwa. Usikubali kuruka hatua hii kwa haraka ya kuwahi foleni. Zungumza na daktari wa mionzi apange. Kama ameshapigwa, basi sentensi ya kwanza kwa daktari yeyote wa meno, kabla ya shikamoo ikibidi, ni hii: "Nimepigwa mionzi ya taya." Ile karatasi aende nayo. Iandikwe pia kwenye kipande kigumu kikae na kitambulisho chake, kwa sababu siku jino linauma wewe utakuwa shamba. Jino likiwa halina budi kutoka, likatolewe hospitali yenye wataalamu wa upasuaji wa kinywa na taya, wakijua dozi aliyopata. Meno ya bandia yanayosugua yatoke mdomoni hadi yakaguliwe; kidonda cha kusuguliwa nacho kinaweza kufungua mfupa.

Kila siku apige mswaki kwa dawa yenye floraidi, na kama hospitali imempa jeli ya floraidi aitumie bila kupumzika. Pipi zitoke mfukoni. Abebe chupa ya maji, anywe funda dogo mara kwa mara, akipata bazoka isiyo na sukari atafune. Usiku aweke maji karibu na kitanda. Asali sikatai, ni fahari yetu, lakini iingie kwenye uji, kisha mdomo usukutuliwe. Isirambwe kama dawa. Mgeni akikasirika mpe kiti.

Tumbaku iishe, na ugoro uishe. Najua naongea na watu ambao wamesomeshwa kwa tumbaku ya Urambo na Sikonge. Kuilima ni habari nyingine. Kuiweka kwenye kinywa kilichotoka kutibiwa ni kuirudishia saratani mlango, na hata kabla ya hapo inachelewesha vidonda kupona. Pombe vilevile, ikiwemo ya kienyeji.

Aliyepata kemo akipanda joto la nyuzi 38 au zaidi wiki zile za karibu, ni hospitali usiku huohuo, si panadoli na kesho tutaona. Masikio yakianza kulia filimbi, mwambie daktari. Miezi ikipita, akawa mchovu mno, anasikia baridi wakati wenzake wanatokwa jasho, ananenepa bila kula, tezi ya shingo (thairoidi) huenda imelegea kwa sababu ya mionzi. Kuna kipimo cha damu, kifanywe kila baada ya miezi sita hadi mwaka hata kama hana dalili. Kidonda kipya mdomoni kisichopona kwa wiki tatu, au uvimbe mpya shingoni, usingoje tarehe ya kliniki. Na tarehe zenyewe za kliniki, mwaka wa kwanza ni nyingi, tenga nauli mapema, uza mpunga mapema, usije ukaanza kukopa wiki ya safari.

Wauza mizizi watakuja, na shuhuda zao. Chochote asinywe kabla daktari hajajua, hasa akiwa bado kwenye kemo. Namba ya wodi iwe kwenye simu ya mtu anayelala naye nyumba moja, si ya kijana aliye Dodoma. Na damu ikitoka mdomoni au shingoni kwa wingi, au pumzi ikawa ya kuvuta kwa sauti, mpeleke hospitali ya Kitete muda huohuo, hata kama ni saa nane usiku na bodaboda ni ya kugombana bei.