Samadi Mbichi Shinani mwa Mzabibu Inaharibu Mvinyo Kabla ya Mavuno

Wakulima wa zabibu za mvinyo Dodoma, hasa ninyi mnaosindika wenyewe kwenye mapipa na matanki madogo, kosa linajirudia: samadi mbichi, madebe mawili matatu kwa mzabibu, inamwagwa shinani huku zabibu zimeshafunga. Acheni kabisa. Mvinyo ulioharibikia shambani hauponywi kwa kilo za sukari ya dukani.

Samadi ya ng'ombe huleta naitrojeni na potasiamu. Naitrojeni ikiufikia mzabibu punje zikiwa zinajaa, mti unarudi kuchipua matawi. Majani yanafunika vishada, hewa haipiti, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga unaingia, na sukari inakwama Brix 17 au 18 (Brix ni gramu za sukari katika gramu 100 za juisi) wakati mvinyo mkavu, yaani usiobaki na utamu, unataka 21 hadi 23. Takriban gramu 17 za sukari kwa lita hutoa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo zabibu ya Brix 18 itakupa kama asilimia 10 tu.

Potasiamu ndiyo wengi hamuijali, na ndiyo inayowaumiza zaidi. Ikizidi kwenye udongo huingia kwenye punje, hupunguza uchachu wa juisi na kupandisha pH, kipimo ambacho kikipanda uchachu umepungua. Angalia hesabu hii: mvinyo wenye pH 3.4 unalindwa na takriban miligramu 32 kwa lita za dioksidi ya salfa huru, yaani dawa ya kuhifadhi mvinyo ambayo bado haijashikana na vitu vingine. Ukifika pH 3.8 unahitaji karibu 80 kwa kinga ile ile. Msindikaji anayeweka kipimo kile kile kila mwaka anashangaa mvinyo umekuwa siki na rangi ya zabibu aina ya Makutupora Nyekundu imefifia. Anailaumu hamira, kumbe tatizo lilianzia kwenye toroli la samadi.

Hatusemi mzabibu ufe njaa. Kichanga tifutifu cha huku kina mboji kidogo, na juisi iliyopungukiwa naitrojeni huchachuka kwa shida na kutoa harufu ya mayai viza. Ila zabibu za mezani na za mvinyo hazilishwi sawa. Mzabibu wa mvinyo unatosheka na nusu debe la samadi iliyooza, mara moja kwa mwaka, hata kama unavuna mara mbili. Nafasi ikiwa mita 2.5 kwa 1.5, ekari ina mizabibu kama 1,080; andaa madebe 540, basi. Machicha uliyoyakamua yana potasiamu nyingi pia, yahesabu humo humo. Usiongeze juu yake.

Ozesha samadi miezi 3 kivulini, ukigeuza kila baada ya wiki 3. Ikamue kiganjani: ishikamane, maji yasichuruzike. Lundo likiwa bado la moto au linanuka mkojo, halijaiva. Samadi mbichi huunguza mizizi, hubeba mbegu za magugu na huongeza chumvi, nanyi mnaomwagilia kwa visima vyenye chumvi hamuhitaji nyingine.

Iweke baada ya mavuno ya Agosti na Septemba, wiki 3 kabla ya kupogoa. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 15, umbali wa sentimita 40 kutoka shinani, upande mmoja wa mstari; mwakani upande wa pili. Sentimita 40, si 10! Pima kwa kijiti ulichokikata, usikisie kwa macho. Fukia siku hiyo hiyo na umwagilie, maana samadi iliyoachwa juani hupoteza naitrojeni hewani. Maua yakishatoka, hakuna samadi wala urea.

Juu ya mfereji tandaza nyasi kavu unene wa sentimita 8, lakini shina liachwe wazi shubiri moja, la sivyo mchwa watapanda. Katikati ya mistari panda kunde wakati wa mvua, uzifyeke zikianza kutoa maua, mizizi ibaki ardhini. Jembe la kina kirefu pale linakata mizizi ya juu ya mzabibu; palilia kwa kuparua tu.

Ukipatia, matawi yataacha kurefuka punje zinapobadili rangi.

Kama ulishamwaga samadi msimu huu, ikwangue leo uitoe shinani, punguza maji punje zikianza kubadili rangi, na ondoa majani yanayoziba vishada upande wa jua la asubuhi. Zabibu za eneo hilo zivune na kuzichachusha peke yake. Pima pH kabla ya kuweka hamira: ikizidi 3.6, gramu 1 ya asidi ya tartari (asidi ya asili ya zabibu) kwa lita hushusha kama 0.1. Weka gramu 1, koroga, pima tena, ndipo uamue kuongeza.