Somo: Kubashiri mvua za sarayat katika Oman ya bara, Machi hadi Mei

Sisi tuliokulia Unguja tumezoea masika, mvua ikipiga hodi inakaa. Mvua za rabii (Machi hadi Mei) huku Oman ya bara hazikai. Wenyeji wanaziita sarayat: ngurumo zinazozaliwa juu ya milima ya Hajar baada ya adhuhuri, zikamwaga nusu saa, na ukitoka kusali Magharibi nyota zinawaka. Asubuhi yake anga lilikuwa halina hata uzi wa wingu. Ndipo wageni wanaponaswa. Wanatafuta mawingu saa mbili asubuhi, na saa hizo mawingu bado hayajaumbwa. Mimi mwaka wangu wa kwanza Nizwa, mji ulio kusini ya milima hiyo, nilianika godoro darini kwa sababu hiyo hiyo.

Cha kutafuta asubuhi ni unyevu.

Hatua ya 1: Pima unyevu. Chukua vipimajoto viwili vya aina moja. Kimoja kivishe kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye tungi lake, vyote uvitundike kivulini, uvipepee dakika tatu nne. Maji yanapokauka yanapoza, kwa hiyo kipimajoto chenye kitambaa kitashuka. Kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo kinavyoshuka zaidi. Kwa jedwali la unyevu, lile linalolinganisha vipimajoto hivyo viwili, utapata kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa hiyo ikipozwa hadi hapo huanza kutoa maji. Mfano: kikavu kinasoma 34, chenye maji 20, kwa Nizwa umande unakuja kama 13. Kikavu kikisoma 33 na chenye maji 15, umande umeanguka chini ya sifuri. Joto ni karibu sawa, lakini hizo ni siku mbili tofauti kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta kitako cha wingu. Toa umande kwenye joto la mchana, zidisha kwa 125. Jibu ni mita kutoka ulipo hadi chini ya wingu. Siku ya kwanza: 34 toa 13 ni 21, mara 125 ni mita 2,625. Nizwa iko takriban mita 500 juu ya bahari, kwa hiyo kitako kiko mita 3,100 na kitu, jirani na kilele cha Jabal Shams chenye mita kama 3,000. Mlima unalifikia wingu, na siku hiyo mimi siendi mbali na nyumba. Siku ya pili kitako kinapanda zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari. Hata wingu likipatikana, matone yanakauka njiani, yanaipoza hewa, hewa nzito inaporomoka, nawe unapata upepo na vumbi bila tone.

Hatua ya 3: Jua upepo gani unashinda. Huu ndio moyo wa somo. Upepo wa bahari unatoka Bahari ya Oman, unavuka Batinah, uwanda wa pwani, na kupanda mabonde hadi mlimani, umebeba unyevu. Upande wa pili kuna gharbi, upepo wa magharibi unaotoka jangwa la Rub' al Khali, mkavu na wa moto. Vikikutana juu ya mgongo wa mlima, hewa haina pa kwenda ila juu. Gharbi ikishinda na kuvuka hadi pwani, basi, watu wa Barka huko pwani wataoka tu.

Ukiwa Nizwa huwezi kuuhisi upepo wa bahari, kwa hiyo soma taarifa ya uwanja wa ndege wa Muscat, alama yake OOMS. Ukiona «0900Z 05010KT … 34/18», maana yake: saa saba mchana kwa saa zetu (Z ni saa za kimataifa, UTC, ziko nyuma yetu kwa saa nne), upepo unatoka kaskazini-mashariki, kasi yake noti 10, joto 34, umande 18. Bahari imeingia kazini.

Hatua ya 4: Barometa, ila usiiogope. Kila siku, iwepo mvua isiwepo, kanieneo ya hewa hushuka kidogo kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Linganisha na saa ile ile ya jana.

Hatua ya 5: Angalia juu zaidi. Picha za setilaiti zikionyesha ukanda wa hewa baridi unakuja kutoka magharibi, mawingu yatapata nafasi ya kurefuka. Pepo za juu wakati huu wa mwaka aghalabu zinatoka magharibi, kwa hiyo ngurumo iliyozaliwa mlimani mara nyingi inasukumwa kuelekea pwani.

Hatua ya 6: Kuanzia saa tano, tazama mlima kila robo saa. Wingu lenye upana mkubwa kuliko kimo halina shida. Likirefuka na kuvimba kama koliflawa, jiandae. Kichwa kikitandazika bapa, chini yake mvua inanyesha tayari.

MASWALI

Kutoka Ibra: *Mwalimu, shikamoo. Simu yangu inasema uwezekano wa mvua ni asilimia 20. Niwapeleke watoto wadini Ijumaa?*

Marahaba. Hiyo 20 ni ya hapo ulipoweka alama. Wadi, yaani bonde la mto mkavu, haijali mvua ya hapo. Inateremsha maji ya mlima wote ulio juu yake, na ardhi ya mawe hainywi. Unaweza kukaa juani maji yakakufuata. Nenda asubuhi, rudi kabla ya adhuhuri, na gari lisiegeshwe kwenye mchanga wa chini hata kama kivuli kiko huko.

Kutoka Sohar: *Ami, mafuriko ya Aprili 2024, si watu wa Imarati walipanda mawingu, yaani walinyunyiza chumvi mawinguni ili yanyeshe?*

Hapana, bwana. Lile lilikuwa mgandamizo mdogo mpana wa hewa, siyo sarayat, na utabiri ulikuwa umeuona siku kadhaa kabla. Tarehe 14 Aprili maji yaliwachukua wanafunzi Samad al-Shan, Mwenyezi Mungu awarehemu. Tarehe 16 Khatm Al Shakla, upande wa Al Ain huko Imarati, palipimwa milimita 254 kwa saa zisizotimia 24. Muscat kwa mwaka mzima hupata takriban 100 au chini. Kupanda mawingu hakuumbi unyevu wa kiasi hicho.

Kutoka Rustaq: *Nikiona radi, nitajuaje iko mbali kiasi gani?*

Hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo, gawa kwa tatu, ni kilomita. Zikifika kilomita kumi au pungufu, ingia ndani. Na wewe uko upande wa pwani, kwa hiyo macho yako yawe kwenye mlima, kusini-magharibi.

Kutoka Nizwa: *Kitambaa cha kipimajoto, kipande cha kanga kuukuu kinafaa?*

Kinafaa sana, dada, kikiwa pamba tupu na kimefuliwa mpaka kimelainika. Ila tumia maji yaliyosafishwa. Maji ya falaji, mifereji yetu ya asili, yana chokaa. Baada ya wiki kitambaa kinakakamaa, hakinywi tena, na kipimajoto kitakudanganya kwamba bahari imefika Nizwa.