Namba za mraba kwa vizibo vya soda
Kila wanafunzi wanne wape vizibo 25. Kimoja kikae mezani. Ongeza 3, kuliani, chini na kwenye pembe: mraba wa 2 kwa 2. Ongeza 5 vivyo hivyo, halafu 7, kisha 9. Vizibo vimekwisha, mraba ni wa 5 kwa 5.

Hapa ndipo wengi huharibu: hukimbilia kuandika kanuni ubaoni. Subiri. Uliza, "Mbona kila safari vizibo tunavyoongeza vinazidi 2?" Mtoto aguse kwa kidole: kila mkono wa ukingo mpya umerefuka kwa kizibo kimoja.

Vikipangwa ovyo mraba hauonekani. Chora vyumba vya sentimita 4, karatasi ya A4 inatosha. Mwisho, bila vizibo: namba witiri (1, 3, 5, 7, 9 kama tulivyoongeza) 10 za kwanza zina jumla gani?