Umemaliza kozi ya animesheni mtandaoni na uko Mtwara? Anza hivi

Wadau, cheti peke yake hakikupi kazi, bosi anataka kuona ulichotengeneza, kwahiyo kabla hujaomba popote andaa video ya dakika moja ya kazi zako na ile kali kuliko zote iwe ya kwanza, maana wengi hawaangalii mpaka mwisho.

Usirudie mazoezi ya kozi, kila mtu anayo. Mimi nilimchora mama anabangua korosho Mikindani, sekunde 10 tu, ila kwa freimu 24 (yaani picha 24) kila sekunde, hizo ni picha 240, na vile vidole vilinitesa wiki nzima aisee, lakini ndo hiyo watu wanaiulizia mpaka leo. Programu nilitumia Blender, ni ya bure.

Ajira za studio nyingi ziko Dar, kama Ubongo wanaotengeneza katuni za watoto, na nafasi ni chache, kwahiyo huku anza na matangazo ya maduka, kadi za harusi za video, elimu ya afya kwa mashirika. Chukua nusu ya hela kabla hujaanza, na mkubaliane kabisa marekebisho ni mara ngapi.