Somo: Bagi ya Beetle inagoma kuingia gia? Usikimbilie kufungua giaboksi

Wakuu, naandika hili mara moja ili atakayeuliza tena nimtupie hapa. Linahusu bagi, yaani vigari vya wazi vya kujiundia kwenye chesisi ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa. Giaboksi zake ni kuukuu, kweli, lakini mara nyingi ugonjwa uko kati ya mkono wako na giaboksi, na fundi anafungua kitu kizima bure.

1. Gari tambarare, kabari magurudumuni.

2. Pima klachi. Rivasi haina sinkro (pete zinazolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana). Kanyaga pedeli hadi chini, subiri kidogo, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii. Pedeli iwe na mchezo, yaani mwendo wa bure kabla ya kuanza kuvuta kebo, wa milimita 10 hadi 20. Rekebisha kwa nati ya mabawa kwenye ncha ya kebo.

3. Oili: uzito 80W-90, daraja la GL-4, lita 2.5 hivi, hadi ukingo wa tundu. Legeza plagi ya kujazia KABLA ya kumwaga. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya plagi ya kumwagia ni kawaida. Vipande vya meno, hapo sawa, fungua.

4. Raba za kushikia giaboksi. Zikichanika, giaboksi inasogea na gia inatoka yenyewe.

5. Bushi ya kiungo cha nyuma, kinachounganisha fimbo ya gia na shafti ya giaboksi, chini ya kifuniko kidogo. Ni bei ndogo, weka mpya. Skrubu ya kiungo iingie kwenye kishimo cha shafti, kisha uifunge kwa waya. Ikilegea barabarani huna gia.

6. Fimbo ya gia, ile inayopita ndani ya chesisi toka kwenye liva hadi kiungo cha nyuma. Hapa ndipo bagi nyingi zinapoharibiwa. Ukikata chesisi sentimita 36, kipimo cha bagi nyingi, fimbo iliyo ndani nayo inakatwa kiasi hichohicho. Kabla ya msumeno, chora mstari mmoja ulionyooka toka mwisho hadi mwisho, ili ukiunga, mistari ikutane. Fimbo ikijizungusha hata kidogo, liva itaonyesha mbili huku giaboksi ikitafuta kitu kingine, na utalaumu sinkro. Unga kwa nukta kwanza, irudishe, jaribu gia zote nne na rivasi, ndipo umalize kuchomea. Onyo: ikipinda, itakwama kwenye bushi yake ya mbele. Onyo la pili: bomba la kebo ya klachi nalo limekatwa hapohapo, usiposafisha makali ya ndani, yatakula kebo uzi baada ya uzi.

Yote yakiwa sawa na gia moja tu bado inakwaruza, hiyo ni sinkro. Mlio wa nyutro unaopotea ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya kuingilia. Unaoanza ukikanyaga ni beringi ya klachi.

MASWALI

— Mkuu giaboksi yangu inalia, nifanyeje?
Inalia lini? Pedeli juu au chini? Aya iliyo juu ya neno MASWALI.

— Fundi wangu anasema GL-5 ni bora, namba kubwa.
Namba si cheo. Kemikali za GL-5 nyingi ni kali kwa shaba, na sinkro zako zina shaba. Giaboksi ni yako, lakini usije kuniuliza mwezi ujao.

— Samahani kaka, nikitafuta mbili inaingia rivasi. Fimbo haijawahi kukatwa. Kwa nini?
Swali zuri, dada. Rivasi iko kushoto nyuma, jirani wa mbili, na kinachoizuia ni kibati kilicho chini ya liva: lazima uibonyeze liva ndipo ipite. Kibati kikilika au kikisogea, mlango uko wazi. Weka alama kilipokaa, legeza bolti mbili, kisogeze kidogo, jaribu, rudia. Kikiwa kimelika, nunua kipya, na angalia na ncha ya liva pia.

— Plagi inataka ufunguo wa pembe sita wa 17, sina.
Tafuta bolti ya M10 ya zamani yenye kichwa cha 17. Kichwa kiingie kwenye plagi, nati mbili zibanane juu yake, zungusha kwa spana.

— Naongezea: oili ikianza kumwagika tunduni msidhani imejaa. Inashuka polepole. Subirini dakika chache, mwongeze tena.
Kweli kabisa. Na chupa ikikaa juani kwanza, oili inapita kwenye mpira wa kujazia bila usumbufu.